Wasanii wanawake wa Asia na funzo la mpaka

Mnamo Julai 24, 2025, roketi zilizorushwa kutoka upande wa Kambodia ziliangukia wilaya ya Kantharalak, mkoani Si Sa Ket nchini Thailand, zikaua raia waliokuwa katika duka na kituo cha petroli. Mapigano hayo, yaliyozuka upya Desemba mwaka huohuo, yalitokana na mpaka ambao mataifa hayo mawili yameuzozania tangu enzi za ukoloni wa Ufaransa. Hivyo ndivyo ulimwengu ulivyolijua jina la Kantharalak: kwa kumwagika damu. Yamkini ni wachache waliokumbuka kwamba wilaya iyo hiyo iliwahi kuwa na sifa ya kheri. Mwaka wa 2001, wasanii wanawake kutoka nchi mbalimbali walikutana huko katika shamba la Boon Bandarn, wakaishi pamoja na kufanya kazi bega kwa bega na wafumaji na mafundi wa vijiji vya karibu.

Mkutano huo ulikuwa mmojawapo wa mikutano ya Womanifesto, harakati ya wasanii wanawake iliyozaliwa Bangkok. Mbegu yake ilipandwa mwaka wa 1995, pale wanawake wa Thailand walipoandaa maonyesho yaliyoitwa Tradisexion katika jumba la Concrete House, nje kidogo ya jiji hilo. Miaka miwili baadaye wakawaalika wenzao wa mataifa mengine, na Womanifesto ya kwanza ikafanyika. Miongoni mwa waandalizi wake walikuwa Nitaya Ueareeworakul wa Thailand na Varsha Nair, ambaye sisi wa Afrika Mashariki tuna sababu ya kumjua: alizaliwa Kampala, akasomea sanaa Baroda nchini India, kisha akahamia Bangkok mwaka wa 1995.

Je, kwa nini wanawake hao waliona haja ya kujitafutia jukwaa lao? Jibu halipatikani Thailand pekee. Nchini India, Nalini Malani alirejea kutoka New York mwaka wa 1979 akiwa ameiona A.I.R., nyumba ya maonyesho iliyoendeshwa na wanawake wenyewe. Alitamani kuandaa maonyesho makubwa ya wanawake wa nchi yake, lakini ndoto hiyo haikupata wa kuiunga mkono. Basi yeye na wenzake watatu, Nilima Sheikh, Madhvi Parekh na Arpita Singh, wakaamua kuzungusha kazi zao katika miji ya India kati ya 1987 na 1989. Nchini Ufilipino, mwaka mmoja baada ya kuanguka kwa utawala wa Marcos, wasanii wanawake waliunda chama cha Kasibulan mnamo 1987. Nako Singapore, Amanda Heng alikuwa akiwaalika watu waketi naye mezani, wachambue miche ya maharagwe huku wakizungumza, na hayo ndiyo yakawa maonyesho yake. Mwaka wa 1999 naye aliunda kundi la wasanii wanawake. Hawa wote waligundua jambo moja: mlango usipofunguliwa, haifai kukesha kizingitini.

Hapa ndipo penye kiini cha mjadala huu. Kuna tofauti kubwa baina ya kuonyeshwa na kubadilishana. Katika maonyesho makubwa ya kimataifa, msanii hufika kama balozi wa taifa lake. Hutundika kazi yake, hupigwa picha, kisha hurejea kwao bila kumjua aliyetundika ukuta wa pili. Kubadilishana hudai zaidi ya hayo. Hudai muda, chakula cha pamoja, kufunzwa na kufunza. Wahenga walilonga kwamba mgeni njoo, mwenyeji apone; lakini katika ubadilishanaji wa kweli mgeni naye sharti apone.

Shamba la Boon Bandarn liliibua pia swali ambalo vyuo vya sanaa hupenda kulikwepa: nani huitwa msanii? Mwanamke aliyefuma vitambaa maisha yake yote, kwa ruwaza alizorithi kwa mamaye, huitwa fundi. Kijana aliyehitimu juzi huitwa msanii. Walipoketi pamoja katika kufuma, kusuka na kufinyanga, ukuta huo ulitikisika. Hatusemi kwamba ulianguka. Jina la msanii mgeni huingia katika kitabu cha maonyesho na kusafiri naye hadi ng'ambo, ilhali jina la mfumaji aghalabu hubakia kijijini. Udhalimu huo mdogo ungali unatudai jibu, na si barani Asia peke yake.

Aidha, tujifunze kutokana na jinsi harakati hiyo ilivyodumu. Miezi michache tu baada ya Womanifesto ya kwanza, Julai 1997, sarafu ya Thailand iliporomoka na uchumi wa sehemu kubwa ya Asia ukatikisika. Hata hivyo, mwaka wa 1999 mkutano wa pili ulifanyika, tena katika bustani ya umma ya Saranrom jijini Bangkok, mahali ambapo mpita njia yeyote aliweza kuzitazama kazi hizo. Ikafuata warsha ya shambani mwaka wa 2001. Chapisho kuhusu uzazi na yanayofuata uzazi mwaka wa 2003. Mradi wa intaneti mwaka wa 2005. Kisha wasanii wakarejea shambani mwaka wa 2008. Badala ya kung'ang'ania maonyesho makubwa kila baada ya miaka miwili, waandalizi walibadili umbo la kazi yao mara kwa mara. Waliokuwa wakilea watoto au wasioweza kusafiri walipata njia ya kushiriki.

Ule mradi wa 2005 uliitwa No Man's Land, yaani ardhi isiyomilikiwa na yeyote, na ulihoji maana ya mipaka na uraia. Miaka ishirini baadaye, mizinga ilinguruma katika mpaka ulio karibu na shamba walilokutania. Mkosoaji atauliza: sanaa yenu ilizuia roketi gani? Swali hilo ni la haki, na jibu lake ni kwamba haikuzuia hata moja. Hakuna kitambaa kilichofumwa kinachoweza kusimama mbele ya kombora. Lakini vita havianzi siku risasi ya kwanza inapofyatuliwa. Huanza pale watu wanapofunzwa kwamba jirani hana uso wala jina. Anayeketi na jirani na kujifunza ufundi wake huwa vigumu kudanganyika namna hiyo. Tatizo ni kwamba mikutano ya aina hii ni michache mno, na hutegemea kujitolea kwa watu binafsi huku silaha zikitengewa bajeti kila mwaka.

Sasa majumba makubwa yamezinduka. Jumba la Sanaa ya Asia la Fukuoka, Japani, liliandaa maonyesho makubwa ya wasanii wanawake wa Asia mwaka wa 2012. Mwaka wa 2023 Kituo cha Sanaa na Utamaduni cha Bangkok kilionyesha historia nzima ya Womanifesto. Mwaka wa 2024 jumba la kitaifa la sanaa ya kisasa la Seoul, Korea Kusini, likafuata na maonyesho yake kuhusu wanawake wa bara hilo. Ni jambo la kupongezwa. Walakini, maonyesho hufunguliwa na kufungwa. Kipimo cha kweli ni kile kinachobaki: kazi za wanawake zilizonunuliwa na kuhifadhiwa, na majina yaliyoingizwa katika vitabu vya shule.

Wapo wanaodai kwamba kuwatenga wanawake katika maonyesho yao ni kuwajengea kizimba kipya. Hoja hiyo ina uzito, na wapo wasanii wanawake wasiopenda kuitwa kwa jinsia yao. Lakini waliojenga jukwaa hilo walijenga kwa sababu jingine halikuwapo. Siku ambayo halitahitajika, livunjwe kwa furaha.

Mali bila daftari hupotea bila habari. Laiti wanawake wa Womanifesto wasingehifadhi barua, picha na vijitabu vyao, ambavyo baadaye Asia Art Archive ya Hong Kong iliviweka katika mfumo wa dijitali, leo hii tusingekuwa na cha kujadili. Mwalimu wa sanaa, na hata wa historia, hana haja ya kungoja mfadhili ili aanze kazi kama hiyo. Awatume wanafunzi wake kwa mfinyanzi, msusi wa vikapu au mfumaji wa mtaa wao. Wajifunze ufundi wake, na wamfunze wanachokijua wao. Kisha waandike kila kitu: mwaka, mahali, mbinu na, la muhimu kuliko yote, jina lake, iwapo ataridhia liandikwe.