Wa juu na wa chini ni wa jahazi moja

SIFA zote njema ni za Allah (SW), Muumba wa mbingu na ardhi, Mteremshaji wa mvua na Mwotesha wa mimea. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (SAW), Aali zake na Masahaba zake. Ama baada ya hayo:

Ndugu msomaji, Ijumaa ya leo tunakuomba uelekeze fikra zako wilayani Hanang, mkoani Manyara. Asubuhi ya Jumapili, Desemba 3, 2023, baada ya mvua kubwa, sehemu ya Mlima Hanang ilimeguka. Matope, mawe na magogo yakafuata makorongo hadi mji mdogo wa Katesh na vijiji vya jirani, vikiwemo Gendabi na Jorodom. Watu 89 walipoteza maisha. Tunamuomba Allah awape subira waliofiwa.

Wataalamu wa serikali walieleza kuwa haukuwa mlipuko wa volkano. Miamba dhaifu ya mlima ilinyonya maji mengi, ikaelemewa, ikaporomoka. Waumini wengi walisema kuwa ni mapenzi ya Mungu, na sisi hatuna shaka kuwa halitokei jambo ila kwa elimu Yake. Tunachokataa ni kulifanya neno hilo kuwa mwisho wa mazungumzo. Mtume (SAW) alimwelekeza yule bedui amfunge kwanza ngamia wake, kisha ndipo amtegemee Mola wake. Siku ya mvua hatuipangi sisi. Bali mahali pa kugawa viwanja, mti wa kukata na mti wa kuacha, na korongo la kuachia maji yapite, hayo ni mambo tuliyokabidhiwa na tutakayoulizwa. Hatusemi hivi kuwalaumu marehemu, kwani mtu maskini hujenga pale alipopata. Tunasema kwa ajili ya walio hai.

Wasomaji wetu wanaifahamu hadithi ya watu waliopiga kura ndani ya chombo, wengine wakapata sehemu ya juu na wengine ya chini. Wa chini walipochoka kupanda kuteka maji, walifikiri kutoboa tundu upande wao. Mtume (SAW) alifundisha kuwa wakiachwa wataangamia wote, na wakizuiwa wataokoka wote. Mahali popote penye mlima, hadithi hii si mfano tu, bali ndiyo ramani yenyewe ya makazi. Wapo wanaoishi juu na wapo wanaoishi chini, na kinachofanywa juu huteremka na maji. Tofauti ni kuwa hapa tundu laweza kutobolewa kutoka pande zote mbili: wa juu kwa shoka na jembe, wa chini kwa mahitaji yao ya kuni, mkaa na mbao.

Aidha, iko sitaha ya juu zaidi, nayo ni ya wale wanaoamua mambo wakiwa mbali. Kuanzia miaka ya 1970, kwa msaada wa Kanada, yalifunguliwa mashamba makubwa ya ngano katika nyanda za Basotu chini ya shirika la umma la NAFCO, yapata ekari 100,000. Ngano ilipatikana, tena kwa wingi, na taifa lilihitaji chakula. Lakini ardhi ile haikuwa tupu. Ilikuwa malisho bora ya Wabarabaig, waliyoyaita muhajega, ambayo mifugo iliyatumia kwa majira kisha ikahamishwa ili majani yapumzike. Aliyepima kwa magunia aliliona pori lisilo na kazi, akashindwa kuona kuwa kupumzika ndiyo kazi yake. Mifugo ikabanwa katika maeneo finyu yakachakaa, na mashamba yaliyolimwa kwa matrekta yakachimbwa na maji ya mvua hadi kuwa makorongo. Hata makaburi ya wazee yalipitiwa na majembe. Wanakijiji wa Mulbadaw walikwenda mahakamani na Mahakama Kuu ikawapa haki, lakini Mahakama ya Rufani ikatengua hukumu hiyo mwaka 1985.

Hatukumbushi hayo ili kufufua chuki. Tunataka kuonesha kuwa elimu ya kuishi na ardhi bila ya kuimaliza haikuanza katika semina za leo. Kule Kainam, wilayani Mbulu, Wairaqw wamelima miteremko ile ile kizazi baada ya kizazi kwa kutia samadi ya ng'ombe wao, kugeuza udongo pamoja na majani yake, na kuchimba mifereji ya kuyapunguza maji kasi. Katika bonde la Yaeda, Wahadzabe walipata mwaka 2011 hati ya kimila ya kumiliki ardhi yao kwa pamoja, na tangu hapo wamekuwa wakilipwa kupitia biashara ya hewa ya ukaa kwa sababu msitu wao umebaki umesimama. Watu ambao kwa miaka mingi waliitwa walio nyuma, leo wanalipwa kwa kuhifadhi kile ambacho walioendelea wamekimaliza.

Katika Surat Rum, aya ya 41, Qur'an Tukufu inauhusisha uharibifu wa nchi kavu na bahari na yale waliyoyachuma watu wenyewe, na kuwafungulia mlango wa kurejea. Kurejea huko ni vitendo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mito na maziwa. Je, ni kamati ngapi za misikiti zimewahi kuwasomea waumini sheria hiyo baada ya swala? Mtume (SAW) alikataza israfu ya maji ya udhu hata kwa aliye kando ya mto utiririkao, nasi tunayaacha maji ya udhu yapotee mtaroni ilhali yangeweza kumwagilia miche. Hali kadhalika, kupanda miti ya kushika udongo kwenye korongo la kijiji na kuiwekea waqfu ni sadaka yenye kuendelea, kwani kila kiumbe atakayenufaika nayo humwandikia thawabu aliyeipanda.

Jambo hili si la Waislamu peke yao. Katika wilaya hizi mbili Waislamu wanaishi na Wakristo na wanaofuata mila za wazee wao, na tope lile halikuuliza dini ya mtu. Kwa hiyo masheikh, mapadri, wachungaji na wazee wa mila wakae pamoja na viongozi wa vijiji kabla ya masika, wakague makorongo, wakubaliane pasipojengwa, na wamsaidie asiye na uwezo kuhama kabla ya maafa. Mwaka 2024 zaidi ya nyumba 100 zilijengwa Waret kwa waliopoteza makazi. Hilo ni jema la kushukuriwa. Lakini anayehamishwa kabla ya tope huhama pamoja na watoto wake wote.

Tunamuomba Allah (SW) aifanye mvua yetu kuwa ya rehema, na atujaalie kuwa miongoni mwa wanaoshika mkono wa mwenye kutoboa chombo. Amin.

Wabillahi tawfiq.