Masaa 11 na Mariah Carey, halafu mathe akauliza swali moja

Wasee, wiki iliyopita nimemaliza kitabu bila kufungua ukurasa hata mmoja. Kinaitwa The Meaning of Mariah Carey. Kilitoka Septemba 2020, ameandika na mwandishi mwenzake Michaela Angela Davis, lakini kwenye kitabu cha sauti anayekisoma ni Mariah mwenyewe. Zaidi ya masaa 11. Simaanishi saa kumi na moja ya jioni, namaanisha masaa kumi na moja ya mtu mmoja akiongea ndani ya sikio lako. Nimemsikiliza kwa matatu, nikipiga pasi, nikiosha vyombo, na usiku mmoja stima zikiwa zimepotea mtaa mzima, nimelala chali gizani, yeye anaendelea tu.

Najua wengi wenu mnamjua kama yule mama wa Desemba. Ukiingia supamaketi mwezi wa kumi na mbili utakutana na ule wimbo wake wa Krismasi wa 1994 kabla hujafika kwa unga. Mimi pia nilimjua hivyo. Kumbe nyimbo zake 19 zimefika namba moja Marekani, na kati ya hizo ni moja tu ambayo hakushiriki kuiandika. Analirudia sana hilo, na nadhani ana haki. Watu huona gauni na ile noti ya juu, kalamu hawaioni.

Sasa, kwa nini usikilize badala ya kusoma? Kwa sababu anacheka. Kwa sababu akifika mahali wimbo ulipozaliwa anauimba kidogo, bila mbwembwe, kama mtu anayeimba jikoni. Na kwa sababu mtu akikusimulia mambo yake kwa mdomo wake huwezi kumruka. Kwa karatasi, macho yangu hukimbia aya nzito. Kwa sauti, unakaa hapo naye mpaka amalize.

Britney Spears alipotoa chake 2023, alisoma utangulizi tu. Kwingine kote akasomewa na mwigizaji Michelle Williams. Alisema kuyapitia tena yale mambo kulikuwa kuzito mno kwake. Simlaumu hata kidogo. Lakini hapo ndipo utajua kusoma hadithi yako mwenyewe si kazi ya studio tu, ni kurudi pale pale ulipoumia na kusimama wima. Na kabla hamjasema hayo ni mambo ya kina Britney, kumbukeni Siti binti Saad. Mwanamke wa Zanzibar aliyevuka bahari hadi Bombay kurekodi nyimbo 1928, sauti yake bado ipo. Lakini wengi wetu maisha yake tumeyapata kupitia kalamu ya Shaaban Robert. Kitabu kizuri, sibishi. Ila ningetoa chochote nimsikie Siti mwenyewe akisema, haya, ilikuwa hivi.

Turudi kwa Mariah. Babake alikuwa mtu mweusi, mamake mzungu mwenye asili ya Ireland, mwimbaji wa opera. Kuna siku akiwa mtoto mdogo sana shuleni waliambiwa wachore familia zao. Akamchora mama, akamchora baba, akachukua rangi ya kahawia akampaka baba. Walimu wakaanza kucheka. Wakamwambia ametumia rangi isiyo sahihi. Yeye anashikilia kwamba hapana, baba yangu ako hivi. Walikuwa wamemwona mama peke yake, kwa hivyo kwao mtoto ndiye aliyekosea. Hiyo stori inachukua dakika chache tu, na mimi niliposhuka kwa matatu nilikuwa bado nimeishika. Fikiria ukiwa na umri wa kalamu za rangi, watu wazima wanakucheka kwa sababu umesema ukweli kuhusu mzazi wako. Kama angekua akawa mtu wa kuficha kila kitu, nani angemshangaa?

Halafu kuna ndoa. 1993 aliolewa na Tommy Mottola, mkubwa wa kampuni yake ya muziki, mtu aliyemzidi miaka zaidi ya ishirini. Wakajenga jumba huko Bedford, kaskazini mwa jiji la New York. Kamera, walinzi wenye bunduki, kila mahali. Mariah akalipa lile jumba jina Sing Sing. Hilo ni gereza la kweli, halipo mbali na hapo. Na kwa Kiingereza maana yake ni "imba, imba". Walai, huyo ni mtunzi. Maisha yako yote kwa maneno mawili.

Stori ya chipsi ndiyo nimeirudia mara tatu. Rapa Da Brat alikuwa amekuja kurekodi kwenye studio ya hapo nyumbani, wakachomoka na gari, wakaenda Burger King ya karibu kununua chipsi. Hiyo tu. Chipsi! Huku nyuma walinzi wamechanganyikiwa, jumba limegeuka kituo cha polisi. Unacheka, kisha unajisikia vibaya kwa kucheka, kwa sababu huyu ni mtu anayeuza mamilioni ya albamu na anatoroka nyumba yake mwenyewe kama mwanafunzi wa bweni anayeruka ua.

Na akiwa humo ndani, mwaka wa 1995, usiku alikuwa anarekodi kwa siri albamu nzima ya roki ya makelele, kwa jina la bendi ambayo watu hawakujua ni yake. Dunia ilikuja kulijua hilo kupitia kitabu hiki. Miaka 25 mtu amekalia albamu! Sisi tukirekodi kionjo cha sekunde kumi tayari tumeshatangaza.

Lakini sehemu ambayo imenikaa si ya Mottola. Ni ya familia.

Kakake na dadake hawaiti kaka na dada. Kwa Kiingereza anatumia lile neno dogo tunalolitumia kwa wapenzi tulioachana nao. Kiswahili kina mume wa zamani, kina mpenzi wa zamani. Dada wa zamani? Nilirudisha nyuma nihakikishe nimesikia vizuri. Anawatuhumu mambo mazito sana, mengine ya akiwa na miaka 12, na sitayarudia hapa kwa sababu nimesikia upande mmoja. Kuhusu mamake ni tofauti, hapo kuna upendo na sumu kwenye kikombe kimoja. Mama aliyempa muziki ndiye aliyewahi kumwambia atumaini tu siku moja awe hata nusu ya mwimbaji aliye yeye. Mama huyo huyo, 2001, wakati Mariah amechoka hadi akili inakataa, ndiye aliyewaita polisi.

2021 dada yake akamshtaki mahakamani huko New York, akitaka dola milioni 1.25 kwa maumivu aliyosababishiwa na kitabu. Mwezi uliofuata kaka naye akamshtaki kwa kumharibia jina.

Sasa nisikilizeni hapa, ju najua kuna wale watasema mambo ya nyumbani yabaki nyumbani. Mimi sikubaliani. Mtu aliyeumizwa ana haki ya kusema aliumizwa, na "yabaki nyumbani" mara nyingi husemwa na yule ambaye yakitoka yatamfikia. Lakini baada ya masaa 11 nimeona kitu kingine ambacho mashabiki hatupendi kusema. Sauti inashinda kesi kabla kesi haijaanza. Huyu ni mtu ambaye kazi yake ya maisha ni kukufanya uamini kila anachokiimba, na sasa amekaa sikioni mwako peke yenu wawili. Dada hana studio. Kaka hana mashabiki. Nilipofika sura za katikati nilikuwa nimeshawachukia watu ambao sijawahi kusikia hata wakikohoa. Namwamini Mariah, niko upande wake, lakini nilistuka jinsi ilivyokuwa rahisi. Na msidhani kusema ukweli ni kusema kila kitu. Eminem, ambaye walirushiana maneno kwa nyimbo miaka na miaka, kwa kitabu hayumo. Kila msimulizi ameshika mkasi.

Agosti 2024 mamake Mariah na dadake walifariki. Siku moja. Alitoa taarifa akasema anashukuru kwamba wiki ya mwisho alikuwa na mamake. Mimi nimesikiliza kitabu baada ya hayo, na ni kitu cha ajabu, manze. Sauti iliyorekodiwa haijui. Bado imemkasirikia mtu ambaye hayuko. Bado inasubiri jibu ambalo halitakuja.

Jumamosi nilikuwa naosha vyombo, simu iko juu ya friji, sauti nimefungulia. Mathe akaingia, akasimama pale mlangoni na leso yake kama dakika kumi bila kusema kitu. Mathe Kiingereza chake ni kizuri kuliko changu. Halafu akauliza, "Na huyo mama yake alisema nini?"

Nikamwambia, "Alikufa."

Akanyamaza. Nami nikajua hatuongei tena kuhusu Mariah.

Wale mmenifuata tangu mwaka jana mnakumbuka ile video yangu ya kufuli. Ndiyo iliyoniletea wengi wenu, watu elfu 40 waliitazama. Nilisimulia jinsi nikiwa na miaka tisa mathe alikuwa anatufungia ndani kwa kufuli, mimi na ndugu yangu mdogo, akienda kazi ya usiku. Nilisema jinsi tulivyokuwa tunaogopa, jinsi tulivyokuwa tunasikiliza hatua za watu kwa ngazi. Yote kweli. Hata neno moja sikuongeza. Mkanipa pole, mkaniambia mimi ni jasiri. Na kwa yale maoni ya chini, watu wasiomjua wakamwita mathe majina ambayo siwezi kuyaandika. Shangazi akaituma kwa kikundi cha familia. Mathe aliyasoma maoni yote, moja moja. Siku mbili hakuniongelesha, ya tatu akaniuliza kama nimekula, na hatukuwahi kuirudia tena.

Sasa pale jikoni, maji ya sabuni yananitiririka hadi kwa viwiko, nikamwambia, "Mum, ile video ilikuwa ukweli."

"Najua ilikuwa ukweli. Mimi nilikuwa hapo." Akachukua kitambaa akaanza kukausha vikombe. "Lakini ungeniuliza, ningekuambia ufunguo nilikuwa namwachia nani."

Sikujua kulikuwa na ufunguo wa pili! Kumbe kila usiku alikuwa anampelekea mama wa duka la chini, na mama wa duka alikuwa anapanda saa nne na saa nane kuweka sikio kwa mlango asikie kama tunalia. Hizo hatua za kwa ngazi, zile nilizowasimulia watu elfu 40 kama kitu cha kutisha, nyingine zilikuwa zake.

Video sijaitoa. Nimekaa na kidole juu ya kile kitufe mara mbili na sijaitoa, kwa sababu yule mtoto wa miaka tisa aliogopa kweli na hakuna ufunguo unaobadilisha hilo. Maoni ya chini nimeyafunga. Na nimemwomba mathe Jumamosi ijayo akae mbele ya simu aseme upande wake, dakika atakazo, mimi sitakata hata sekunde.

Amesema atafikiria. Amesema pia sufuria ya ugali bado ina ukoko na nisidhani hajaiona.