Kabla ya Kuchimba Shimo

Mvua ya kwanza ikinyesha Kitengela, nyufa za udongo mweusi wa pamba hufumbika, na siku chache baadaye nyasi fupi hutapakaa maua meupe, laini kama karatasi ya shashi. Ukipita na gari mbio utadhani ni takataka zilizopeperushwa na upepo. Wataalamu huyaita Cycnium tubulosum. Uyatafute chini ya mikaratusi, hutayaona.

Siku hizi, wiki hiyo ya maua ndiyo pia wiki ya miche. Serikali imejiwekea lengo la miti bilioni 15 ifikapo 2032, na tarehe 13 Novemba 2023 nchi nzima ilipewa mapumziko ili ipande. Jarida hili halipingi. Kingo za mito yetu na miteremko ya Ngong iliyokatwa zinaililia miti. Lakini uwanda wetu huu wa Athi-Kapiti si msitu uliofyekwa. Ni malisho ya kale, yaliyowekwa wazi na nyumbu, pundamilia, ng'ombe, moto, na udongo wenyewe, unaovimba na kunywea hata ukakata mizizi ya miti mingi. Eluai, ule mgunga mfupi wenye vibuyu vya sisimizi, umeuzoea. Kivuli chake ni chepesi, jua linapenya.

Kinachonitia hofu zaidi ni ploti. Mtu hununua robo ekari, huizungushia ua wa kayaba, kisha huiacha miaka kumi ikingoja bei. Ng'ombe haingii, swala haingii. Nyasi hurefuka, vichaka hufuata, na mimea midogo inayoishi kwa jua hufa hapo hapo bila mtu kuigusa.

Sheria zetu zinamjua mwenye panga. Msandali, ambao Wamaasai huuita olosesiai, hung'olewa na mizizi yake kwa sababu mafuta yamo humo. Kenya ilipiga marufuku uvunaji wake mwaka 2007, na mwaka 2013 mti huo ukaingia katika CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe vilivyo hatarini. Ni sawa kabisa. Lakini hakuna askari wa kukamata kivuli. Shubiri ya Aloe ngongensis, iliyopewa jina la Ngong, inaweza kuepuka mchimbaji ikaja kusongwa na miti iliyopandwa kwa nia njema.

Uingereza na Ucheki wamelijua hili wakiwa wamechelewa. Misitu yao ya tambarare, iliyokuwa ikikatwa kwa zamu kwa ajili ya kuni, ilipoachwa ikasongamana, na maua yake ya jua yakatoweka. Sasa mahali pengine wamerudi na shoka kuyafungulia mwanga.

Sisi tulishaanza kuyalindia maua yetu mwanga, bila kulitaja jambo hilo hivyo. Mwaka 2000 wenye ardhi wa Kitengela walianza kulipwa dola 4 kwa ekari kwa mwaka wasizungushe ua, wasigawe, wasiuze. Fedha zilikuja kwa awamu tatu, shule zikifunguliwa, karo ipatikane. Shabaha ilikuwa njia ya wanyama wanaotoka Mbuga ya Taifa ya Nairobi kwenda kusini, lakini mnyama anayepita hufupisha nyasi. Mpango wa namna hiyo ukiandikwa tena, maua madogo yahesabiwe pamoja na nyumbu.

Kwa hiyo toleo hili lina ombi kwa wenye ploti, kuanzia hapa Kitengela hadi Isinya na Kajiado mjini. Mvua ikinyesha, ngojeni wiki mbili kabla ya kuchimba mashimo ya miche. Tembeeni shambani asubuhi, mtazame kilichochipuka, mkipige picha, kisha mtutumie.