Namba ya Mteja ni Amana

Siku hizi biashara nyingi za nyumbani huendeshwa kwa simu ya mkononi. Mama wa kambini mjini Kasese hushona nguo za watoto, jirani yake hukaanga maandazi, na mwenzao wa Bwera huuza vitenge katika soko la Mpondwe, ambako wanunuzi huvuka mpaka kutoka Kasindi, Kongo. Wote hao hutangaza bidhaa zao kwa WhatsApp. Jambo hilo ni jema, kwa kuwa mtaji wake ni mdogo na mama hahitaji kuacha watoto ili atafute wateja.

Lakini yako mazoea yanayoharibu biashara hizo. Mtu akiisha kukusanya namba mia mbili, huunda kikundi, akawaingiza wenye namba bila kuwauliza, kisha kila alfajiri akawamwagia picha thelathini za viatu. Matangazo ya namna hiyo, yasiyoombwa na mtu, huitwa ujumbe taka. Waingereza na Wamarekani huyaita spam, jina la nyama ya kopo iliyoanza kuuzwa Marekani mwaka 1937 na kulishwa askari wengi katika Vita Kuu ya Pili. Mwaka 1970 wachekeshaji wa Uingereza waliigiza mkahawa ambamo jina la nyama hiyo lilirudiwa hata watu wakashindwa kuzungumza. Ndivyo ujumbe taka unavyofanya: hufunika maneno yenye maana.

Wahenga walisema, chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Yafaa tuelewe hasara zake. Kwanza, anayelipia ujumbe wako si wewe peke yako, bali na mpokeaji pia, kwa maana picha zako hula bando lake. Bando lenyewe lina ushuru: mwaka 2021 serikali ya Uganda iliondoa ushuru wa shilingi 200 kwa siku uliowekwa mwaka 2018, ikaweka asilimia 12 juu ya bei ya bando. Pili, mteja aliyechoka hufungia namba yako, na siku utakapokuwa na bidhaa anayoihitaji hatakusikia. Wakilalamika wengi, WhatsApp yenyewe yaweza kuifunga akaunti yako.

Hasara ya tatu ni kubwa zaidi, nayo haionekani upesi. Katika kikundi, kila aliyemo huona namba za wenzake wote. Tapeli mmoja akiingia, amepata orodha kamili. Kesho yake atamwandikia bibi mmoja kwamba ametumiwa fedha kimakosa, tafadhali azirudishe. Na bibi, akiamini kuwa ni mtu wa kikundi chenu, atatuma akiba yake. Hapo wewe hukuiba kitu, lakini mlango uliufungua wewe.

Vivyo hivyo kwa wakala wa fedha za simu. Mteja huandika jina na namba yake katika daftari la wakala ili atoe fedha, si ili auziwe sabuni. Kunakili namba hizo, au kumpa rafiki mwenye duka, ni kuvunja amana. Sheria ya Uganda ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019 inataka habari za mtu zitumike kwa kusudi zilizokusanyiwa, na inampa mtu haki ya kumtaka mfanyabiashara kwa maandishi aache kumpelekea matangazo.

Basi mama au baba mwenye biashara na afuate kanuni hizi:

1. Omba ruhusa kwanza. Mteja akinunua, mwulize: "Ningependa kukuarifu mzigo mpya ukifika, unaniruhusu?" Akikataa, mshukuru.

2. Tumia orodha ya matangazo badala ya kikundi. Orodha moja ya WhatsApp hubeba majina hadi 256. Hakuna anayeona namba ya mwenzake, na majibu huja kwako tu. Tena ujumbe humfikia yule tu aliyehifadhi namba yako, kwa hiyo utajua ni nani anayekutaka kweli.

3. Tuma kwa kiasi. Ujumbe mmoja kwa juma, siku moja kabla ya soko, unatosha. Taja bidhaa, bei na mahali, ukiongeza picha moja iliyo wazi. Picha nyingine ziweke kwenye Status, zinakokaa saa 24. Anayetaka atazifuata mwenyewe.

4. Anayesema basi, mwondoe siku hiyo hiyo, bila kumwuliza sababu.

5. Usichanganye biashara na uvumi. Juni 2019, Ebola ilipovuka kutoka Kongo na wagonjwa kulazwa Bwera, habari ya kweli ilikuwa kinga ya watu wote. Muuzaji anayesambaza dawa zisizothibitishwa hupoteza imani ya wateja, na huenda akahatarisha maisha yao.

6. Linda familia yako. Picha ya gauni isionyeshe nyuma yake lango la kambi, sare iliyoanikwa wala gari la kikosi. Usiandike kwamba umepunguza bei kwa sababu mzee amesafiri kikazi, wala usitaje siku atakayorudi. Sisi tulio karibu na mpaka hatujasahau shambulio la Juni 2023 dhidi ya wanafunzi wa sekondari ya Lhubiriha, Mpondwe. Adui husoma matangazo kama mteja asomavyo.

Mtu aliyekupa namba yake amekukaribisha nyumbani kwake. Mgeni mwenye adabu hupiga hodi, husema lililomleta, kisha huaga. Jioni ya leo, kabla ya kuandaa tangazo la kesho, keti na simu yako uipitie orodha ya majina. Kwa kila jina ujiulize: huyu aliniruhusu? Asiyekuruhusu umfute. Huenda ukabakiwa na majina arobaini tu katika mia mbili, lakini hao arobaini ndio wateja wako.