Wafu wetu hawako namba: tulichoona Gisozi, tunachodai Goma



Tarehe 2 Agosti 1998, vita ya pili ilianzia hapa hapa Goma. Leo siku hiyo njo ya kukumbuka Genocost: hotuba, nguo nyeusi, picha mpya ya profili mu WhatsApp. Tarehe 3 kila mtu anarudi ku mihangaiko yake. Sasa tuulizane: mtoto wa miaka kumi wa Ndosho akitaka kujua nani walikufa mu mji huu, na juu ya nini, tutampeleka wapi? Ku Rond-point Tchukudu tuko na sanamu ya mwanaume anasukuma chukudu, inang'aa kama dhahabu. Ni sawa, chukudu inatulisha. Lakini wafu wa vita hawako na nyumba mu Goma yenye mtoto anaweza kuingia na kusoma majina yao.

Wengine kati yetu tulishafika Gisozi, mu Kigali, masaa machache ya basi kutoka Gisenyi. Makumbusho yale yalifunguliwa Aprili 2004, miaka kumi kisha mauaji ya halaiki ya Watutsi. Zaidi ya watu 250,000 wamezikwa pale. Lakini haiko namba yenye inakupiga. Kuna chumba cha picha zenye familia zenyewe zilileta: picha ya ndoa, ya masomo, ya mtu anacheka tu. Kuna chumba cha watoto: jina, umri, chakula chenye alipenda, na namna walimuua. Ukisoma kwamba mtoto alipenda chips, huwezi tena kusema "wafu" kama vile unasema "mifuko ya makala". Unatoka kimya.

Tunajua wengine watasirika: "Munaendaje kulia kule, wakati vita yenye inatuua inatoka upande ule?" Hasira ile tunaielewa, tunaishi nayo kila siku. Lakini mama aliyeuawa Kigali mu 1994 hakutuma askari Goma. Kumheshimu hakupunguzii mama wa Mugunga kitu. Na kudai haki kwa mama wa Mugunga hakumkosei heshima yule wa Kigali. Mwenye kukuambia uchague mmoja wao, anataka kukutumia.

Kuna pia kitu chenye tulitafuta Gisozi na hatukuona: wakimbizi wenye waliuawa mu misitu ya Zaire mu 1996 na 1997. Wao wako mu Ripoti Mapping ya Umoja wa Mataifa, yenye ilitoka tarehe 1 Oktoba 2010. Ripoti ile ilipanga matukio 617 ya mauaji na ubakaji, kutoka Machi 1993 mpaka Juni 2003, na ndani yake kuna majeshi na vikundi vingi, vya nje na vya kwetu. Mpaka leo hakuna tribunali ya kimataifa iliyoundwa juu yake. Serikali yenye inajenga makumbusho njo inachagua hadithi inaanzia wapi na inaishia wapi. Ni vile kule, na itakuwa vile hata kwetu kama tunalala.

Angalia vile tunabishana juu ya hesabu. Shirika la IRC lilikadiria watu milioni 5.4 walikufa kati ya 1998 na 2007, wengi kwa magonjwa na njaa zenye vita ilileta. Wataalamu wengine walipinga hesabu ile. Sisi tunarusha milioni sita, milioni kumi, kila mtu na yake. Mwenye kukataa uhalifu anafurahi sana, juu namba yenye haina majina ni rahisi kuicheka. Orodha ya majina, na kartie, na tarehe, na mtu mwenye alizika, ile haichekwi.

Hapa Goma kazi haikosekani. Kipindupindu cha 1994 kiliua makumi ya maelfu ya wakimbizi. Lava ilikuwa ngumu kuchimba, wakatupwa pamoja mu mashimo. Tarehe 30 Agosti 2023, wanajeshi wa serikali yetu wenyewe waliua zaidi ya watu 50 mu mji huu. Tarehe 3 Mei 2024, bomu zilianguka ku kambi za wakimbizi wa ndani, Mugunga na Lac Vert. Januari 2025 tulizika tena, mbio mbio, bila hata kuuliza kila mtu anaitwa nani.

Sheria iko tangu Desemba 2022, na mfuko wa malipizi kwa wahanga, FONAREV, uko. Tunadai vitu vitatu. Kwanza, orodha ya majina yenye familia zinaweza kusoma na kusahihisha. Pili, mahali pa kudumu pa kukumbuka mu Goma, kusiwe kila kitu Kinshasa. Tatu, pasichaguliwe wafu: Munande wa Beni, Mhema na Mlendu wa Ituri, Mfuliru wa Mutarule, mkimbizi Muhutu wa 1996, Mtutsi Mkongomani mwenye waliwinda Kinshasa mu 1998, wote waingie. Makumbusho yenye inaacha kabila moja inje itatuandalia vita ingine.

Na hatutangoji marumaru. Wazee wenye walizika mu 1994 na 1998 wanazeeka. Kaa na bibi yako, washa simu, muache aseme. Andika jina, kartie, tarehe. Piga picha ya picha ya zamani mbele mvua iiharibu. Weka kopi mahali patatu, moja mbali na nyumba. Lakini sikiliza vizuri: usirushe ku mitandao jina la shahidi mwenye angali hai, wala sauti yake, bila ruhusa yake. Mu mji huu jina linaweza kuua. Kile chenye tunakusanya leo ni cha kulinda, siku ya kukionyesha itakuja.

Tarehe 2 Agosti ijayo, kila mmoja akuje na jina moja. Jina nzima, na kitu kimoja chenye mtu yule alipenda.