Helmeti ya Karao

Panda nduthi mjini Nyeri uelekee King'ong'o au Ruring'u, na helmeti utaiona. Imening'inia kwenye kioo cha pembeni, au mwenye pikipiki ameivaa kwenye kiwiko kama kikapu. Inakaa hapo mpaka wa kutoka mbele awashe taa kuonya kwamba kuna karao. Basi inapanda kichwani, kamba haijafungwa, na tukishapita inarudi kiwikoni. Tumekubaliana, bila mkutano wowote, kwamba helmeti kazi yake ni kulinda mfuko. Kichwa hakikutajwa.

Na kabla hujaanza kuwatukana watu wa boda, kama tulivyozoea sisi wenye simu na maoni mengi, niambie: wewe abiria ulivaa lini mara ya mwisho? Sheria ya Trafiki, kifungu cha 103B, kilichoingizwa 2012, inawataka wote wawili wavae. Lakini sisi tuna majibu. Nimesuka jana. Inanuka. Nitapata choa. Si ni hapo tu?

Harufu nakubali. Kofia iliyobeba jasho la steji nzima haivutii, na anayesema ni uzembe tu hajawahi kuivuta puani saa saba mchana. Lakini kitambaa chini ya helmeti kinamaliza hiyo kesi, na anayepanda boda kila siku anaweza kununua yake, kama anavyonunua kava ya simu.

Hoja inayonikera zaidi ni ile ya wenye busara: "Lori likikugonga kule kwa barabara kubwa ya Kenol kwenda Marua, helmeti itafanya nini?" Pengine hakuna. Ila si kila anayeanguka amegongwa na lori. Wengi huteleza kwenye murram yenye matope, au mbwa akikatiza, au gari likitoka kando bila kuangalia. Niliacha chuo mwaka wa tatu, lakini fizikia ya sekondari inatosha hapa: kichwa cha mtu aliyekaa kwa pikipiki kiko kama mita moja na nusu juu ya lami. Kikianguka kutoka hapo kinafika chini kwa kasi ya kilomita 20 hivi kwa saa. Ndiyo, mwili utaburuzwa na ngozi itabaki barabarani, lakini kile kishindo cha kichwa kupiga chini ndicho helmeti ilitengenezewa. Ndani yake mna foma nyeupe ngumu, kama ile inayokuja na TV mpya. Inapondeka ili ubongo usisimame ghafla. Ikishapondeka haifai tena.

Mwaka wa 2008 watafiti wa Cochrane walijumlisha tafiti 61. Helmeti ilipunguza hatari ya kufa kwa asilimia 42, na ya kuumia kichwa kwa asilimia 69. Fikiria hizo namba halafu ukumbuke ni grupu ngapi za WhatsApp za kuchanga bili ya hospitali umeongezwa mwaka huu.

Lakini namba hizo si za ile kofia ya mjengo ambayo wengine wanavaa, wala za ganda la plastiki lenye sponji ya godoro. Vietnam ililazimisha helmeti kuanzia 15 Desemba 2007, na muda si muda karibu kila mtu alikuwa amevaa. Kisha wapimaji wakagundua nyingi zilikuwa ganda tupu. Sisi tunaelekea huko huko, kwa sababu karao akisimamisha nduthi anauliza "helmeti iko wapi?" Sijawahi kusikia akiuliza ikoje. KEBS ina kiwango chake cha helmeti, lakini askari haangalii alama, hata kamba haivuti. Basi kijana wa boda ananunua ya bei rahisi kabisa, na hajakosea hesabu: amelipia alichoombwa.

Mwombe kitu kingine. Sacco zinazokopesha pikipiki zikopeshe na helmeti mbili za maana, deni lilipwe polepole pamoja na la pikipiki. Na abiria tuache kupanda tukinyamaza. Steji yangu mimi huuliza, "Buda, ya pili iko wapi?" Mwanzo walicheka, wakasema siendi Nairobi, naenda tu Skuta. Siku hizi wawili wanayo, na hao ndio hunibeba.