Pumzi za Mama na Mishipa Midogo ya Moyo

Mama apandapo ngazi akatweta, au alalapo akahitaji mito miwili ili apate pumzi, jamaa husema: huo ni uzee. Akipelekwa hospitali, mishipa mikubwa ya moyo hupigwa picha ikaonekana i wazi, naye hurejea nyumbani akidhaniwa mzima.

Utafiti uliotangazwa mwaka 2018 watufunza vingine. Wataalamu waliwapima wagonjwa 202 wa moyo dhaifu, ambao moyo wao husukuma damu vyema, ila umekakamaa na haujai damu kwa wepesi. Maradhi haya huwapata zaidi wanawake. Kati yao, 151 walikutwa na kasoro katika mishipa midogo mno isiyoonekana katika picha ile: moyo unapohitaji damu zaidi, mishipa hiyo haitanuki ipasavyo.

Basi enyi waume na watoto, mama apimwe shinikizo la damu na sukari, kwani mambo hayo huambatana na maradhi haya. Na akiambiwa mishipa ni salama ilhali pumzi zingali zamtaabisha, mrudisheni kwa daktari. Mwili ni amana, na amana hutunzwa.